Siku Mama Aliposema Ameacha

Kanisani kwetu, hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, benchi la nyuma kabisa halina ubao wa kuegemea. Mabenchi mengine yote yanao. Labda mbao zilimwishia fundi, sijui. Hapo ndipo wanapokaa watu waliotengwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni lao, lakini mgeni akikaa pale bila kujua, wamama wa mapokezi wanamwendea mbio na tabasamu na kumsogeza mbele, kama vile amekalia kitu chenye maji.

Mama yangu alikaa pale tangu mwaka ule ziwa lilipopanda mpaka karibu na Pasaka ya mwaka huu. Hakuiba, wala hakuchukua mume wa mtu. Alipika lutuku.

Lutuku ni pombe kali ya mihogo na mahindi yaliyooteshwa. Inachachuka ndani ya pipa, halafu inachemshwa, na mvuke wake unapita ndani ya mrija wa shaba uliolazwa majini mpaka unageuka matone. Sisi maji ya kupozea tunayaweka katika kipande cha mtumbwi wa zamani uliokatwa katikati. Serikali inaikataza, kanisa linaikataza, na nusu ya watoto wa mtaa wetu wamesoma kwa hiyo.

Kabla ya hapo mama aliuza ndakala, dagaa wa ziwa letu. Wavuvi wa Ubwari walileta, yeye aliwaanika na kuwauza kwenye banda lake la ufukweni. Ziwa likapanda, likachukua banda, likachukua vichanja, likachukua hata njia ya kufika pale. Shamba tunalo, upande wa milima, lakini huko hakuendeki. Ukienda kung'oa mihogo unaweza kukutana na wenye bunduki, na hao hawaulizi shamba ni la nani. Baba alikwenda Lulimba kuchimba dhahabu nikiwa mdogo. Dhahabu sijui kama aliipata. Mke alimpata. Basi jirani yetu mmoja akamfundisha mama kupika, na mimi nikabaki shuleni. Sasa niko mwaka wa tano wa sekondari, na kila kitabu changu kina harufu ile. Shuleni vijana walikuwa wakiniona nakuja wanaambiana, "Muzime viberiti, huyu atatulipukia." Mimi sijui kujibu. Jibu langu hunijia jioni, nikiwa naosha sahani.

Wazee wa kanisa walipomtenga mama walimsomea yaliyokatazwa. Asikaribie Meza ya Bwana. Asiimbe na kundi la wamama. Asiongoze maombi. Asimpokee mtoto kwenye ubatizo. Sadaka hawakuikataza. Mchanga pia hawakuukataza.

Nieleze habari ya mchanga. Kanisa linaongezwa upande wa mashariki, kwa hiyo kuna Jumamosi za salongo, kazi ya wote, ambapo wamama wanachota mchanga mto Mutambala na kuuleta kwa mabeseni kichwani. Mama hakukosa hata mara moja. Siku moja tukiwa njiani, mama mmoja wa kwaya akamwambia, kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mama, muchanga yako haiko na harufu? Isituangushie ukuta, ukalewa."

Wote wakacheka. Mama naye akacheka, shingo imenyooka chini ya beseni.

"Huu nimeutoa mutoni, ulisha batizwa. We angalia wako."

Wakacheka zaidi, na yule wa kwaya akacheka kuliko wote. Nilikuwa nyuma yao na beseni langu dogo. Nilifikiri: kumbe mkono wake ni safi ukibeba ukuta, ni mchafu ukinyoosha kuomba mkate.

Mwaka jana nilianza darasa la ubatizo. Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyefundisha shule ya msingi hadi alipostaafu, na alipenda hadithi za Injili kama watu wanavyopenda habari za sokoni. Hakuzisoma, alizisimulia. Yule mwanamke aliyeingia kwenye karamu ya Mfarisayo bila kualikwa akalilia miguu ya Yesu, mwalimu alituonyesha hata namna mwenye nyumba alivyokunja pua. Yule mchungaji aliyeacha kundi zima akamfuata kondoo mmoja, alituuliza, wale wengine waliobaki walisema nini? Tukacheka, kwa sababu tuliwajua. Niliziamini zile hadithi. Nilirudi nyumbani nikiwa nazo tumboni kama chakula cha moto, nikamsimulia mama huku nachochea kuni, naye akasikiliza bila kuondoa macho kwenye mrija.

Halafu ikaja hadithi ya yule mkusanya kodi mfupi, tajiri kwa wizi, aliyepanda mti amwone Yesu akipita. Mwalimu aliisimulia vizuri sana. Mimi nikaona kitu, na kwa mara ya kwanza darasani nikanyoosha mkono. Niliuliza kama yule mtu alitubu kwanza ndipo Yesu akasema atakwenda kwake, au Yesu alisema kwanza ndipo yeye akatubu.

Mwalimu akafungua Biblia yake, akatafuta kwa kidole. Alikuwa anaijua, lakini akatafuta.

"Yesu alisema kwanza," akajibu.

"Basi kwa nini sisi tunaanza na kutenga?"

Nyuma yangu mtu akasema polepole, "Lutuku imeanza kusema," na darasa likapasuka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Jibu lake nimeliweka mpaka leo kwa sababu halikuwa la dharau. Lilikuwa la mtu aliyechoka.

"Mutoto wangu, yule alikuwa Yesu. Sisi tuko kamati."

Nikakaa. Sikunyoosha mkono tena.

Sasa nieleze desturi yetu ya kupokea, kwa maana yote yaliyofuata yametoka hapo. Kwetu tunabatizwa ziwani, mwili mzima. Ukitoka majini, mama yako anakungoja pale mawimbi yanapokufa, na kitenge kipya kisichowahi kuvaliwa. Anakufunika, anakukumbatia na maji yako, na wamama wengine wanakumwagia poda nyeupe kichwani huku wanaimba. Mtoto asiye na mama hupokewa na shangazi ama mama mwingine. Na mtoto ambaye mama yake ametengwa huhesabiwa kama asiye na mama.

Nilipopita mtihani wa wazee, walinitangazia kwamba nitapokewa na mke wa mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Ni mama mwema, sina neno naye. Nikasema ndiyo, kwa sababu nikiulizwa mbele ya watu wengi huwa nasema ndiyo. Nikarudi nyumbani, nikamwambia mama.

Aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa kitenge cha rangi ya bluu chenye majani ya manjano, bado kina karatasi yake. Alikwisha kukinunua. Sijui tangu lini.

Nikamwambia haina shida, maji ni yaleyale, hata akinipokea mtu mwingine. Nilitaka kumpunguzia. Akanitazama kama nimemtukana.

"Maji ya kwanza ulitokea kwangu. Hata ya pili utatokea kwangu."

Kesho yake tulikwenda kwa mchungaji. Nilikaa mlangoni, na mlango haukuwa na shuka wala pazia, nilisikia yote. Mchungaji wetu ni mtu mwembamba, mshahara wake ni sadaka, na watoto wake pia hufukuzwa shuleni kama sisi. Hakumpokea mama vibaya. Alimwuliza kama yuko tayari kutubu mbele ya kanisa.

Mama alikuwa amepanga maneno yake njiani, nilimsikia akiyarudia. Akamwambia atasimama na kusema kweli: kwamba anapika lutuku, kwamba haipendi, kwamba siku Mungu atakapompa kazi nyingine ataacha siku hiyohiyo, na kwamba anaomba kanisa limwombee kazi hiyo ije.

Mchungaji akashusha pumzi. "Mama, hiyo haiko toba. Hiyo ni maelezo."

"Lakini njo kweli yenyewe."

"Wazee hawataikubali. Wanataka neno moja. Sema umeacha."

"Na mi sijaacha."

"Ukisha sema, nguvu ya kuacha itakuja nyuma."

"Na isipokuja?"

Kuku akapita mbele yangu na vifaranga vyake, nikavitazama ili nisitazame ndani. Halafu nikamsikia mchungaji akisema, kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mgonjwa maji:

"Neema iko, mama."

Tulirudi nyumbani. Mimi nilikuwa na hasira, na sikujua niiweke wapi, kwa sababu hakuna aliyetufokea. Neema ilikuwapo, alisema. Lakini neema ile ilikuwa inangoja uongo upite kwanza. Kweli ilipobisha mlango, haikufunguliwa. Wale watu wa Injili waliokwenda kwa Yesu walivyo, na vidonda vyao na aibu yao, nilijiuliza kama nao wangeambiwa, rudi, sema kwanza umepona.

Siku kadhaa mama alipika bila kusema. Alikuwa mtu wa kuimba akipika, na mtu wa kunituma hapa na pale, "we, leta maji, we, umelala umesimama." Siku hizo alijiletea maji mwenyewe. Nilimwambia mara ya pili kwamba mke wa mzee anaweza kunipokea. Akasema, "Nyamaza, niko nafikiri."

Jumapili iliyotangulia Pasaka alisimama mbele.

Anayetubu kwetu hapandi madhabahuni. Anasimama chini, anageukia watu, mikono mitupu. Mama alivaa kitambaa cheupe kichwani. Alionekana mfupi. Nilikuwa benchi la vijana, nikainamisha kichwa, halafu nikaona ni aibu kumwacha peke yake, nikakiinua.

Mzee wa kanisa akamwuliza ana neno gani kwa kanisa.

"Nimeacha," akasema mama.

"Umeacha kabisa?"

"Nimeacha."

"Na pipa liko wapi?"

Hilo hakuwa amelipanga. Pipa lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, limefunikwa turubai, na ndani yake mihogo ilikuwa inachachuka siku ileile.

"Nimeliuza."

Kanisa likalipuka. Vigelegele, ngoma, wamama wakatoka kwenye mistari yao wakamzunguka, wakammwagia poda, wakamchukua kwa kucheza mpaka kwenye benchi la kundi lao. Yule wa kwaya aliyemcheka siku ya mchanga alikuwa analia kwa furaha, machozi ya kweli. Na mbele yangu mwanaume mmoja akasimama akapaza Amina kuliko wote. Ijumaa alikuwa uani kwetu. Mimi mwenyewe nilimpimia.

Nikatazama upande wa jirani aliyemfundisha mama kupika, anapiga makofi. Nikatazama wazee, macho yao yametulia. Wanakaa mtaa mmoja nasi, pua zao ni nzima. Hakuna aliyedanganywa siku ile. Hilo ndilo lililonichoma. Kama wangedanganywa, ningewahurumia.

Mwalimu wetu wa darasa peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anafuta miwani. Nilimwona anaifuta muda mrefu.

Nilibatizwa Jumamosi. Ziwa lilikuwa na mawimbi, maji ya rangi ya udongo kwa sababu mvua ilinyesha milimani, na nilipozamishwa niliogopa tu, sitasema nilisikia kitu kingine. Nilipoinuka nilimtafuta mama. Alikuwa ameingia majini mpaka magotini, mbele kuliko wamama wengine wote, kitenge kimefunguliwa kwa mikono miwili. Nikaingia ndani ya kitenge. Alikuwa amejiosha kwa majani ya limau ili harufu ya lutuku imtoke. Wengine wakaimba. Yeye hakuimba. Alinishika tu, kwa nguvu mpaka nikaumia mabega, na poda ikatuangukia wote wawili.

Kama yangeishia hapo, ningesema alilipa na akapata alichotaka. Lakini kesho yake ilikuwa Meza ya Bwana.

Waliobatizwa wapya hukaa na wale waliowapokea, kwa hiyo nilikaa karibu na mama, katikati ya kanisa. Nilikuwa nimeingoja siku ile muda mrefu. Sahani ikaanza kuzunguka, mikate imekatwa vipande vidogo. Ikanifikia, nikachukua changu, nikampa mama sahani. Akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akampa mama wa upande wa pili. Hakuchukua.

Shemasi akaona. Akairudisha sahani, akainama. "Mama, umesahau."

Mama akatikisa kichwa.

Mke wa mzee, aliyekuwa nyuma yetu, akamgusa bega na kumnong'oneza, "Kamata, mama. Ulisha rudi." Mama akatikisa tena. Watu wakaanza kugeuka. Shemasi akasimama pale na sahani yake, hajui aende au abaki, halafu akaenda. Nami nilikuwa na kipande changu mkononi, kimeanza kulowa jasho. Nilikila kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Hicho ndicho chakula changu cha kwanza cha Bwana.

Njiani nilimwuliza kwa nini. Aliendelea kutembea.

"Kule nyuma, sahani ilikuwa inanipita, mi nilikuwa nasema, Bwana, we unajua juu ya nini napika. Na alikuwa anajua. Tulikuwa tunazungumza. Leo ningemwambia nini?"

Nilitaka kumwambia kitu cha kwenye Injili. Nilizijua hadithi zote, mwalimu alinifundisha vizuri. Sikupata moja ya kumpa. Zote zilikuwa za watu waliokuja na kweli yao mkononi, na ya kwake tulikuwa tumemnyang'anya, mimi nikiwa sababu.

Jumatatu akawasha moto uani, maana mihogo haingoji. Nilidhani wazee watakuja juu ya moshi. Siku zikapita, hakuja mtu. Walikuja katikati ya wiki iliyofuata, mchana, wawili, mzee wa mtaa wetu na mwenzake. Mama alikuwa anapika. Walipita kando ya pipa kama mtu anavyopita kando ya kinu, wakasalimu, wakauliza habari ya afya. Halafu wakasema wamekuja juu ya mkate.

Walisema imeonekana vibaya. Mtu aliyerudishwa akikataa Meza, anaidharau, na vijana wanaanza kuuliza maswali. Mzee alisema hivyo akinitazama mimi.

"Sikudharau," mama akasema. "Niliwadanganya. Mulijua ya kama nawadanganya."

Yule mwenzake akatazama viatu vyake. Mzee wa mtaa wetu hakukasirika. Alisema karibu kwa huruma, na naandika maneno yake kama yalivyokuwa:

"Tulijua, mama. Wote tulijua. Njo maana tulikusamehe."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Kuna siku naona huenda alikuwa na maana nzuri, huenda kwa akili yake hiyo ndiyo huruma, kufumba jicho ili mama amshike mtoto wake. Lakini mama alikuwa pale, amechuchumaa, uso wake umelowa mvuke, na alijibu bila kuinuka:

"Hamukunisamehe. Mulichoka kuniona kule nyuma."

Mzee akasema basi tuombe, kwa sababu kwetu hutoki nyumba ya mtu bila kuomba. Wakasimama, wakavua kofia, wakafumba macho. Aliomba sala ndefu, aliiombea nyumba yetu, aliniombea mimi katika masomo yangu. Mimi sikufumba. Mama pia hakufumba. Moto ulikuwa umeanza kupanda, na lutuku ikipata moto mwingi inaungua. Mama akanyoosha mguu, akasogeza ukuni mmoja nje taratibu, wasisikie.